Vioo Vitatu vya Bwana Nyuki

Mteja akinirudishia kitu mara moja, nasema kimemshinda. Akirudisha mara mbili, naanza kumwangalia mikono. Bwana Nyuki alinirudishia vioo viwili vya kukingia upepo kwenye pikipiki ndani ya mwezi mmoja, na vyote vilirudi visafi kuliko vilivyotoka dukani, havina mkwaruzo, vimepangwa ndani ya maboksi yake pamoja na nati zote. Mimi nauza vipuri hapa Mpanda, huu ni mwaka wa kumi na nne. Ninamjua mtu anayeazima kitu kwa kisingizio cha kununua, akakitumia safari moja, akakifuta, akaja na malalamiko. Nilimweka kwenye kundi hilo, na alikaa humo muda mrefu.

Jina lake nilikuwa nalijua, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitumia. Alikuwa ofisa wa ufugaji nyuki, na kuanzia Inyonga mpaka Karema kazi hiyo ina jina moja tu. Wafugaji walimwita Bwana Nyuki, mkewe alimwita Bwana Nyuki, nami nilimwita hivyo hivyo hata siku nilizomkasirikia.

Pikipiki yake ilikuwa ya ofisi, ile ya miguu mirefu ya kuendea porini, ambayo haikuja na kioo cha mbele. Aliiendesha miaka mingi upepo ukimpiga kifuani na kichwani. Wanaokuja kwangu kutafuta kioo huwa wanakimbia baridi ya alfajiri, au mvua, au mbung'o wa njia ya Inyonga wanaompiga mtu kidevuni kama punje za mahindi. Yeye hakutaja hata kimoja. Siku ya kwanza, baada tu ya kuitikia shikamoo yangu, alisema anataka kioo cha kupunguza kelele ya upepo, maana upepo unamla masikio na masikio ndiyo kazi yake.

Nilidhani anatia chumvi. Nikamwambia nyuki wanaangaliwa, wanasikilizwa nini? Akanieleza taratibu. Anagonga mzinga kwa kifundo cha kidole, kisha anaweka sikio. Kundi lenye malkia likigongwa huvuma mara moja likanyamaza. Kundi lililopoteza malkia hulia, sauti ndefu, nyembamba, isiyotaka kuisha. Mzinga mtupu nao una sauti yake. Kwa hiyo alijua la kufanya bila kuufungua na kuwachokoza wenyewe. Wafugaji wa vijiji vya mbali walimwita kwa ajili ya sikio hilo. Semina na vipeperushi walivipata kwa maofisa wengine.

"Siku nisiposikia," alisema, "mimi ni mtu wa kubeba bomba la kufukizia nyuki moshi tu."

Hakuwa mteja wa kupendeza. Nilimwambia kioo kirefu ndicho kinachozuia upepo, ndiyo maana kina bei. Akauliza nani amekijaribu. Nikasema wateja. Akauliza wateja gani, wanakaa wapi. Nikasema kiwandani walikijaribu. Akaligeuza boksi, akayakagua yale maandishi ya Kichina pande zote nne, akauliza kama nayasoma. Mwisho akaniuliza kama mimi mwenyewe nimewahi kuendesha pikipiki yenye kioo kile. Sikuwa nimewahi. Nauza pia matairi ya trekta, na sijawahi kulima na trekta.

Alikuwa na neno lake la kujibia kila kitu: "Sikatai, ila sijaona." Ukimwambia bei ya tumbaku itapanda, hakatai, ila hajaona. Ukimwambia mwenzake kapata uhamisho, hakatai. Asubuhi moja fundi wa ng'ambo ya barabara, yule anayefunga vipuri ninavyouza, alikuja akisema Kasokola imenyesha mvua kubwa. Bwana Nyuki akasema neno lake, akapanda pikipiki, akaenda. Alirudi saa sita amelowa mpaka soksi, akasimama mlangoni kwangu akidondosha maji sakafuni, akasema ni kweli, imenyesha. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeleta habari mpya.

Alikuwa pia na tabia ya kunusa. Kabla hajauliza bei ya kioo alikisogeza puani, akakinusa ukingo wote, akafunga macho. Nilijua anachotafuta, au nilidhani najua: anatafuta harufu ya gundi, aone kama nimemuuzia kilichopasuka kikaungwa. Roho iliniuma, maana vioo vyangu ni vizima. Baadaye sana ndipo fundi aliponiambia kwamba nyuki hawapendi harufu ya plastiki mpya, na kwamba mzee huyu kila akinunua kitu cha pikipiki hukiosha kwa maji ya majivu na kukianika juu ya bati siku nne kabla ya kwenda nacho porini. Ndiyo maana vioo vilirudi vinameta. Sabuni ya kunukia hakuogea, na kwa kinyozi jirani yangu, penye marashi, hakupita karibu.

Na alisimama vibaya. Watu wote husimama wakakutazama usoni wakati wa kuongea. Yeye alisimama ubavu, shavu la kulia likiwa kwangu, macho yake yakiwa kwenye rafu ya plagi. Kila nilipoongea aligeuka kidogo zaidi kuelekea zile plagi. Nikasema huyu hapa anahesabu. Nilizihamishia nyuma yangu, na alipokuja tena akasimama vile vile, akiangalia rafu tupu. Hata hilo halikunitosha. Nilisema anaangalia nimezipeleka wapi.

Ukiniuliza ni nani kati yetu aliyekuwa na shaka nyingi zaidi, sina jibu. Wakati fulani aliniletea chupa ya asali kutoka Inyonga, zawadi, asali nyeusi ya miombo. Kabla sijashukuru akaniambia niipime: niimwage kidogo kwenye mchanga nione kama inanywea, nichovye njiti ya kiberiti nione kama itawaka. Nikamwambia zawadi haipimwi. Akasema asali ya barabarani siku hizi ina sukari ya kuchemsha, na yeye kanunua kwa mtu, hakuirina mwenyewe, kwa hiyo hawezi kuniapia. Nilikasirika kwamba ananifundisha kumshuku. Alipoondoka nilivuta pazia la stoo, nikachovya njiti. Iliwaka.

Halafu mtu huyo huyo aliacha pikipiki ya serikali nje ya soko na ufunguo umening'inia. Nilimwona mara nyingi. Fundi alimpigia kelele, yeye akapunga mkono. Na kwa nyuki hakuwa na shaka hata ya kuweka kwenye kijiko. Aliwaendea mikono mitupu, akiwasemesha Kikonongo polepole, Kiswahili akituwekea sisi. Fundi alimuuliza siku moja kwa nini haogopi. Akasema nyuki hajawahi kumwambia jambo ambalo siyo. Sijui kama alikuwa ananitazama aliposema hivyo, lakini nilihesabu kwamba ananitazama.

Sasa vioo vyenyewe. Cha kwanza kilikuwa kile kirefu nilichomsifia. Fundi alikifunga, mzee akaenda nacho Inyonga na kurudi. Alirudi amekunja uso. Akasema zamani ulikuwa upepo, sasa ni ngoma, mtu anapiga ngoma ndani ya helmeti yake tangu Mpanda mpaka Inyonga. Nikamwambia haiwezekani, kioo kinazuia upepo. Akasema kinazuia chini, upepo unaruka juu yake, unashuka na kumpiga kichwani kwa makofi. Niliona ni maneno ya mtu anayetaka kurudisha mali. Ukutani nina bango linalosema kitu kikishauzwa hakirudishwi, na nililionyesha kwa kidole. Alilisoma mpaka mwisho, akakiweka kioo juu ya meza, akaomba kirefu zaidi.

Cha pili kilikuwa kama mlango wa kabati. Hicho kilimfikia machoni. Kelele, alisema, imehama tu, imetoka kwenye paji la uso imekuja kisogoni, na sasa matope ya mvua yanatapakaa kwenye kioo hata haoni shimo lililo mbele yake. Na jambo la tatu alilisema kwa sauti ya chini: nyuki wanajigonga. Njia nzima wanajigonga kwenye kioo na kufa. Alikuwa ameniletea watano kwenye kiganja, akawapanga mezani pangu. Nilishindwa kujua anataka niwafanye nini.

Hapo uvumilivu wangu uliisha. Nilimwambia mbele ya fundi kwamba siuzi kitu kingine kwake mpaka nipande hiyo pikipiki mwenyewe, niisikie hiyo ngoma kwa masikio yangu. Mimi naendesha tangu nikiwa msichana. Baba yangu alinifundisha kwenye njia za mashamba. Nilitaka kumwaibisha, nakubali. Nilitaka nirudi niseme mbele ya watu kwamba ngoma hakuna.

Hakukasirika. Alifurahi, na furaha yake ikanitia wasiwasi zaidi. Alisema huko ndiko kujaribu, akauliza kama nina uzi mwekundu.

Wiki nzima walifanya kazi yeye na fundi mbele ya duka langu. Walichukua kioo kifupi nilichokuwa nimekisahau juu ya kabati, cha bei ya chini, hakuna aliyekitaka kwa sababu kilionekana cha kitoto. Mzee alifunga vipande vya uzi mwekundu ukingoni mwake, akaendesha, akatazama nyuzi zinavyolala. Zikilala zimenyooka, alisema, upepo unapita vizuri. Zikirudi kumpiga usoni, hapo pana fujo. Akawa anaweka kiganja juu ya kioo akiwa kwenye mwendo, anakipandisha na kukishusha, anasikiliza kelele inabadilika wapi. Anarudi, fundi analegeza nati, wanakilaza nyuma kidogo, anaenda tena. Fundi alitaka kuziba pengo lililobaki chini ya kioo, juu ya taa, akisema upepo unaingilia pale. Mzee akamkatalia. Alisema mzinga ukiuziba chini, nyuki wanahangaika, hewa inakosa njia na kundi zima linatoka nje kulalamika. Acha pengo, alimwambia, upepo unaopita juu upate mwenzake wa chini wa kukutana naye nyuma ya kioo. Walipanua pengo vidole viwili.

Nilidhani ni mchezo. Fundi alidhani ni mchezo pia, ila alikuwa ameanza kumpenda.

Siku ya kujaribu nilivaa helmeti yake, nikachukua barabara ya Kasokola kwa mwendo ambao mume wangu asingeuruhusu. Nilikuwa nimejiandaa kutosikia ngoma hata kama ipo. Sikuhitaji kujiandaa. Upepo ulikuja kichwani umenyooka, laini, na chini yake nilisikia mnyororo ukizunguka na mbwa akibweka kwenye nyumba niliyoipita. Nilisimama nikageuka. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi, ingawa kesi yenyewe nilishindwa mimi: kioo cha bei ndogo kilikuwa kimevipita vile viwili nilivyovisifia.

Nilizima injini mbele ya duka, nikavua helmeti, nikamwambia ni kimya kabisa. Kelele imekwisha, nimeisikia mwenyewe, na safari hii asiniambie neno lake lile.

Bwana Nyuki alipanda akaenda mpaka mwisho wa mtaa, akarudi. Akazima. Akabaki ameketi, mikono kwenye usukani, helmeti kichwani.

"Bado upo," alisema.

"Upi, mzee?"

"Upepo."

Fundi akacheka, akasema mzee wangu hapo umesimama, injini imezimwa, upepo wa wapi? Mzee hakucheka. Akavua helmeti polepole akaiweka juu ya tangi la mafuta, akageuza shavu la kulia kwangu kama kawaida yake. "Hata sasa upo," alisema. "Hata nikilala upo. Nilidhani unatoka njiani."

Nasema ukweli, kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba hiyo ni mbinu mpya ya kurudisha kioo cha tatu. Ilipita kichwani mwangu hivyo hivyo, na naionea haya mpaka leo. Kisha nilimtazama jinsi alivyokaa ubavu, nikazikumbuka zile plagi. Hakuwa ameangalia rafu yangu siku hata moja. Alikuwa ananipa sikio linalosikia.

Fundi alielewa baada yangu kidogo, akaondoka akajifanya anatafuta spana. Mzee aliniomba nisimwambie mtu. Mwaka uliobaki kabla ya kustaafu alitaka aumalize akiitwa kwenye mizinga kama siku zote. Nikamuuliza sasa huko porini anafanyaje. Akasema anaweka sikio, anasikia upepo, anatazama nyuki mlangoni wanavyoingia na kutoka, anakisia. Mtu aliyechukia uongo kuliko wote niliowajua alikuwa anazunguka vijiji akikisia. Aliliweka wazi mwenyewe, wala sikumuuliza mara mbili. Alisema ameshakosea mara moja, kijiji sikitaji, akamwambia mama mmoja kundi lake ni zima kumbe linakufa.

Alikwenda hospitali. Walimwambia kelele za upepo wa miaka mingi zimeharibu ndani ya sikio, na kilichoharibika huko hakirudi. Kioo kitalinda kilichobaki, basi. Alinisimulia na kuongeza kwamba daktari hakulichungulia sikio kwa muda wa kutosha, alisoma mashine tu. Ila safari hiyo hakusema kwamba hajaona.

Kioo cha tatu alikichukua. Na hapo akaanza balaa jipya, akawa anakaa kwenye benchi la duka langu siku za soko akisubiri wateja. Mtu akiomba kioo kirefu, yeye anamuuliza urefu wake, anamkalisha kwenye pikipiki, anamwambia anunue kifupi, akilaze nyuma, aache pengo chini, na aweke pamba masikioni akienda mbali. Vioo virefu vilinilalia dukani. Nilimwambia ananiharibia biashara, akajibu kwamba kama nataka wasikie bei zangu mpaka wazeeke, niwaache wanunue vifupi. Watu wa bodaboda walimsikiliza kuliko walivyonisikiliza mimi, na hakuwaambia hata siku moja kwa nini anajali. Nilijua mimi na fundi, na fundi naye, kwa mshangao wangu, alinyamaza.

Alipostaafu alihamia Kasokola na mkewe. Akaacha kuja. Miezi ilipita, nikasema labda amekasirika, labda kuna jambo nilisema. Nina shamba la mahindi upande ule, na asubuhi moja baada ya kupalilia nilipita kwake.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, chini ya miti, kwenye masanduku yake ya nyuki yaliyoning'inizwa kwa waya usawa wa kiuno. Jua lilikuwa bado dogo na nyuki walikuwa hawajachangamka. Nilipiga hodi mara tatu kabla hajageuka. Hakuulizia duka wala fundi. Alinishika mkono, akanivuta mpaka kwenye sanduku la mwisho, akaniomba nivue kitambaa kichwani.

Aliniambia kundi lile ndilo mama wa yote aliyobaki nayo. Yale mengine mawili yamezaliwa humo. Siku tisa linamtia wasiwasi na hawezi kulifungua ovyo, maana kama malkia yupo atamvuruga, na kama hayupo kila siku inayopita inawaua waliobaki.

"Mama si yupo?" nilisema, nikimaanisha mkewe. "Yeye anasikia."

"Huyo ananihurumia. Kila siku ananiambia wako vizuri." Alinitazama usoni, si ubavu. "Wewe hujawahi kunihurumia, mama."

Aligonga kwa kifundo cha kidole. Niliweka sikio kwenye ubao, ambao ulikuwa na baridi ya umande. Ndani palivuma. Nikasubiri panyamaze. Hapakunyamaza. Sauti ilibaki, ndefu, nyembamba, ikipanda na kushuka, na mimi ambaye sijawahi kufuga hata kuku niliielewa. Nilikuwa nimeinama, uso wangu umeelekea upande wa ukuta, hakuweza kuuona, na nilitamani sana kumwambia wamo, wametulia, kila kitu kiko sawa. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nilielewa kwa nini mkewe hulisema kila asubuhi.

Niliinuka.

"Wanalia," nilisema karibu na sikio lake la kulia.

"Bado?"

"Bado wanalia."

Nilisimama pale nikisubiri abishe. Nilitaka abishe, aniulize nimejuaje, aniambie nisikilize upya. Bwana Nyuki aliinua mikono yote miwili, akaanza kufungua waya uliofunga mfuniko wa sanduku.